Unauza mashine za kutotolesha vifaranga mtandaoni? Joto peke yake halitoshi



Leo naongea na wanaouza mashine ndogo za kutotolesha mtandaoni, zile za mayai 30, 60 hadi 100, na wale wanaotaka kujitengenezea ya kwao ili wauze vifaranga. Mimi hizi mashine natengeneza, naweka picha kwenye ukurasa, mteja akilipia mzigo unapanda basi. Ninachoandika hapa ndicho ninachofanya kila wiki.

Ukipita kwenye matangazo ya wauzaji utakuta karibu wote tunasema jambo moja: "joto linajiendesha lenyewe". Sawa kabisa. Ila mteja hanunui joto, ananunua vifaranga. Na kifaranga ndani ya yai anahitaji joto, unyevu na hewa kwa pamoja. Joto wengi tumeshalimudu. Kinachomaliza mayai ya wateja wetu kimya kimya ni unyevu, kwa sababu mashine moja ikikaa Tanga na nyingine kama hiyo hiyo ikaenda Njombe, ndani hazitakuwa na unyevu sawa hata kidogo. Twende hatua kwa hatua.

1. Namba za kukaa nazo kichwani (mayai ya kuku)

- Siku za kuatamia: 21.
- Joto kwa mashine yenye feni: nyuzi 37.5 za sentigredi, muda wote.
- Joto kwa mashine isiyo na feni: nyuzi 38.3 hadi 38.9, ukipimia usawa wa juu ya mayai. Bila feni hewa ya juu inakuwa ya moto kuliko ya chini, ndiyo maana namba inapanda.
- Unyevu siku ya 1 hadi ya 18: asilimia 50 hadi 55.
- Unyevu siku tatu za mwisho: asilimia 65 hadi 70.
- Kugeuza mayai: angalau mara 3 kwa siku, mara 5 ni bora zaidi. Siku ya 18 unaacha kugeuza.

Kama unageuza kwa mkono, tumia idadi witiri, 3 au 5. Sababu ni ndogo tu: usiku ndio muda mrefu yai linapokaa bila kuguswa, na ukigeuza mara witiri halilalii upande ule ule kila usiku.

Mteja akitaka kutotolesha ndege wengine, mwambie mapema siku zinatofautiana. Kware ni kama 17 hadi 18, bata mzinga 28, kanga 26 hadi 28, na bata hawa wa kwetu wenye uso mwekundu ni 35. Asichanganye kwenye mashine moja kwa kujaribu bahati.

2. Sanduku lenyewe

Unaweza kutumia plaiwudi, jokofu bovu, au boksi jeupe la kubebea samaki. Jokofu bovu ni zuri sana kwa sababu kuta zake zinatunza joto, ila nauli yake ya basi itakula faida yako yote. Kwa kuuza mtandaoni, plaiwudi yenye tabaka la kuzuia joto kwa ndani ndiyo inayosafiri vizuri.

Vitu vya ndani ni hivi:

- Balbu mbili za waya, zile za zamani zinazochoma mkono ukizigusa. Balbu za kubana matumizi hazifai hapa, zimetengenezwa kutoa mwanga na siyo joto. Weka mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikiungua usiku nyingine iendelee kushikilia joto kwa kiasi fulani.
- Thermostati ya kidijitali. Kihisio chake kikae usawa wa mayai, mbali na balbu. Ukikiweka jirani na balbu kitadanganywa, balbu itazimika mapema na mayai yatabaki na ubaridi.
- Feni ndogo ya kompyuta, ielekee kuzungusha hewa na siyo kuyapuliza mayai moja kwa moja.
- Bakuli au trei pana la maji, chini kabisa.
- Matundu ya hewa, machache chini pembeni na machache juu. Kiinitete kinavuta hewa kupitia ganda, na siku za mwisho kinahitaji hewa nyingi kuliko mwanzo. Mashine iliyozibwa kila kona "ili joto lisitoke" inanyonga vifaranga.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Ndani ya sanduku hili kuna umeme wa nyumbani na maji, vimekaa sentimita chache kutoka kimoja hadi kingine. Holda za balbu ziwe za kauri, nyaya zibanwe ukutani zisining'inie juu ya maji, kuwe na fyuzi, na thermostati iwe na uwezo wa kubeba mzigo wa balbu zako. Zungushia balbu wavu wa chuma ili kifaranga asiiguse. Kama ni lile boksi jeupe, balbu ikae mbali na ukuta, maana linayeyuka na kushika moto. Kama umeme siyo fani yako, lipa fundi. Mteja ataiacha hii kitu inawaka siku 21, usiku na mchana, na watoto wamelala chumba cha pili.

3. Pima vipimo vyako kwanza

Vipimo vya bei poa vinaweza kukosea nyuzi moja au asilimia kadhaa, na viwili kutoka boksi moja visifanane. Kwa bahati nzuri kuvipima ni karibu bure.

Kipima joto: chukua maji ya vuguvugu kwenye kikombe, tumbukiza kihisio chako pamoja na kipima homa cha hospitali. Ongeza maji ya moto au baridi hadi kipima homa kisome kati ya 37 na 38. Linganisha. Tofauti utakayoiona iandike kwa kalamu kwenye mashine yenyewe.

Kipima unyevu: chukua kifuniko cha soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo hadi chumvi iwe kama mchanga uliolowa, isielee. Weka kifuniko hicho na kipimo chako ndani ya kopo au mfuko unaofunga vizuri, acha usiku mzima. Hewa ndani ya kopo lile itatulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 80, ujue kinazidisha 5. Kikisoma 70, kinapunguza 5. Hiyo kazi ya usiku mmoja inakutofautisha na muuzaji anayechomeka tu kipimo na kupiga picha.

4. Unyevu: kwa nini Tanga siyo Njombe

Hewa ikipashwa moto, asilimia yake ya unyevu inashuka hata kama hujatoa tone la maji. Hewa ya moto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi, kwa hiyo mvuke ule ule unaonekana kidogo.

Chukua hewa ya pwani, nyuzi 28, unyevu asilimia 75. Iingize kwenye mashine, ipashe hadi 37.5. Unyevu unashuka hadi kama asilimia 44. Yaani bila maji kabisa uko karibu na unapotaka, unahitaji kuongeza kidogo tu.

Sasa chukua hewa ya nyanda za juu kusini, nyuzi 18, unyevu asilimia 60. Ipashe hadi 37.5. Inashuka hadi kama asilimia 19. Huko mayai yanakaushwa kama samaki wa kuanika.

Kuna mama mmoja wa Makambako alinitumia picha akiwa amekata tamaa. Mayai yake mengi yalikuwa yametobolewa tundu dogo la mdomo, halafu basi, vifaranga wamefia mle mle. Mashine aliinunua kwa muuzaji mwingine aliyemwambia "weka maji kikombe kimoja kila siku". Joto lilikuwa sahihi kabisa. Nilipomuuliza unyevu unasomaje, akasema mashine haina kipimo hicho. Kwa pwani kikombe kile pengine kingetosha. Kwa baridi kavu ya kwake hakikuwa kitu.

Kwa hiyo usimpe mteja kiasi cha maji. Mpe namba ya kufikia na njia ya kuifikia. Na njia ni hii: unyevu unaongezwa na upana wa maji, siyo kina chake. Ndoo ndefu iliyojaa haizidi sahani pana yenye maji ya kina cha kidole. Anayetaka kuongeza unyevu aongeze trei la pili, au asimamishe kitambaa safi cha pamba ndani ya maji kipande kimoja kikiwa nje, kitanyonya na kutoa mvuke. Anayetaka kupunguza afunike sehemu ya trei au afungue matundu zaidi. Asizibe matundu ya hewa ili kupandisha unyevu, huko ni kutibu ugonjwa mmoja kwa kuleta mwingine.

Maji yawe safi, na yakiongezwa yawe ya vuguvugu ili joto la ndani lisianguke.

5. Mizani haidanganyi

Kama mteja ana mizani ya jikoni ya kidijitali, mfundishe hili. Yai zuri linapoteza maji taratibu kupitia ganda. Hadi siku ya 18 linatakiwa liwe limepungua uzito kwa kama asilimia 11 hadi 13.

Achague mayai 10, ayawekee alama ya penseli, ayapime kwa pamoja siku ya kwanza. Tuseme ni gramu 500. Siku ya 9 yanatakiwa yawe kama gramu 470, siku ya 18 kama gramu 440. Yakipungua haraka kuliko hapo, hewa ni kavu mno, aongeze maji. Yakipungua polepole, hewa ina unyevu kupita kiasi, apunguze.

Usidhani unyevu mwingi hauna madhara. Yai lisipopoteza maji ya kutosha, chumba cha hewa kwenye ncha nene kinabaki kidogo, kifaranga anavimba, na akianza kutoboa anazama kwenye majimaji. Kavu mno unamkausha, mbichi mno unamzamisha.

6. Siku tatu za mwisho, mikono mfukoni

Siku ya 18 mayai yanatolewa kwenye trei ya kugeuzia na kulazwa chini juu ya wavu au kitambaa kisichoteleza. Unyevu unapandishwa hadi 65 au 70. Baada ya hapo mlango unafungwa.

Hapa ndipo wateja wengi wanapoharibu, kwa mapenzi tu. Wanasikia "piu piu" wanafungua. Anakuja jirani, wanafungua. Wanataka kurekodi video ya stetasi, wanafungua. Kila ukifungua, hewa yenye unyevu inatoka, na ngozi nyembamba iliyo chini ya ganda inakauka na kumbana kifaranga kama nguo iliyolowa ikakaukia mwilini. Kutoka kutoboa tundu la kwanza hadi kutoka nje inaweza kuchukua saa 12 hadi 24. Hiyo ni kawaida, hajakwama. Anamalizia kufyonza damu na kiini. Ukimsaidia kubandua ganda mapema utaona damu.

Ndiyo maana mimi naweka kioo mlangoni. Ni gharama ndogo, na inapunguza sana kishawishi cha kufungua.

Waliotoka wanaweza kubaki mle hadi wakauke vizuri. Kiini walichokifyonza kinawashikilia hadi kama saa 72, na hiyo ndiyo sababu vifaranga wa siku moja wanaweza kusafirishwa. Lakini usiitumie hiyo nafasi yote. Kama unauza vifaranga, wakabidhi ndani ya siku ya kwanza au ya pili.

7. Umeme ukikatika

Mteja atakuuliza, kwa hiyo jibu liwe kwenye karatasi tayari. Asifungue mashine. Afunike kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa. Ikizidi saa moja au mbili, aingize chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri, zisiguse mayai. Mayai yanavumilia kupoa kwa saa chache, kutotoa kunaweza kuchelewa tu. Asiyatupe kwa hasira.

Hatari kubwa zaidi ni joto kuzidi. Joto likivuka nyuzi 40 hata kwa muda mfupi linaweza kuua viinitete. Kwa hiyo kama unataka kuongeza gharama mahali fulani, ongeza thermostati ya pili ya kukata umeme ile ya kwanza ikigoma kuzima.

8. Mteja akisema "mashine yako mbovu"

Usianze kubishana, na usikimbilie kumblock. Muulize maswali, mayai yenyewe yatasema ukweli. Mwombe amulike mayai kwa tochi gizani siku ya 7, na yale ambayo hayakutotoa mwishoni ayapasue ayatazame.

- Yai limekuwa jeupe tupu siku ya 7: halikuwa na mbegu, au lilikaa sana kabla ya kuwekwa. Hilo ni la jogoo na muuza mayai. Mayai ya kutotolesha yasizidi siku 7, yasitoke kwenye friji, na yakae ncha nyembamba ikiwa chini. Kama yamesafiri kwa gari, yapumzike nusu siku hadi siku nzima kabla ya kuingia mashineni.
- Kuna pete ya damu: kiinitete kilianza kikafa mapema. Angalia joto la siku za mwanzo na umri wa mayai.
- Vifaranga kamili wamefia ndani, wamekauka na kubanwa: unyevu mdogo, au mlango ulifunguliwa ovyo.
- Vifaranga kamili wamefia ndani, wamevimba na wana majimaji: unyevu ulizidi siku 18 za kwanza, au hewa ndogo.
- Wametoka siku ya 19 au ya 20, wadogo na dhaifu: joto lilikuwa juu.
- Wametoka siku ya 22 au ya 23: joto lilikuwa chini.

Kwa maswali haya utajua kama kosa ni la mashine, la mayai au la matumizi. Likiwa la mashine, rekebisha au badilisha bila kinyongo. Tuseme yai moja lenye mbegu ni shilingi 700, mayai 60 ni shilingi 42,000, ukiongeza wiki tatu za kuamka usiku. Mtu aliyepoteza hivyo halafu akajibiwa vibaya atakuandika kila kundi alilomo. Aliyejibiwa kitaalamu atarudi, na ataleta na shoga yake.

9. Kabla mzigo haujapanda basi

Iwashe mashine saa 48 bila mayai, ikiwa na maji. Andika joto na unyevu asubuhi, mchana na usiku. Karatasi hiyo ipige picha mtumie mteja, nakala iweke ndani ya mzigo.

Muulize yuko mkoa gani na nyumba yake ina baridi kiasi gani, kisha umpe trei zinazolingana. Mteja wa Tanga trei moja. Mteja wa Njombe, Makete au Mafinga trei mbili na kitambaa. Gharama ya kuongeza trei la plastiki haifikii hata nauli ya kurudishiwa mzigo.

Mwambie naye aiwashe siku moja kamili nyumbani kwake kabla ya kuweka yai hata moja. Ikiwa safarini waya umelegea, heri ijulikane sanduku likiwa tupu.

Na kwenye tangazo, acha kuandika "inatotoa asilimia 100". Hata mashine kubwa za makampuni hazitotoi kila yai. Andika unachoweza kukisimamia: ina kipima joto na kipima unyevu vilivyohakikiwa, imewashwa saa 48, ina maelekezo ya Kiswahili, na muuzaji anapokea simu siku ya 21.

Wewe unauzia mkoa gani, na kipimo chako kinasoma unyevu wa ngapi bila maji? Weka namba hapa chini, tuone hewa ya kila mtu ikoje.